Mtoto wa Kamina na Viza ya Siku Thelathini

Dada yangu mkubwa alipofariki dunia hapa Kamina, katika nyumba ile ile ya matofali ya kambi ya wafanyakazi wa reli alimoletwa akiwa bi harusi na alimozalia watoto wake sita, jambo la kwanza lililonipasa, baada ya kumfumba macho na kuwapelekea jamaa habari, lilikuwa kutafuta karatasi na kalamu. Nami nikaketi mezani usiku ule, huku wanawake wakilia uani na vijana wakifunga turubai la matanga, nikaandika barua rasmi ya kumkaribisha mwanawe wa tatu aje kumzika mama yake. Ilinibidi niseme katika barua hiyo kwamba mtu huyo namfahamu, kwamba nitampa malazi na chakula kwa muda wote atakaokuwapo nchini, na kwamba najifunga kuwa dhamana yake asije akawa mzigo kwa dola. Na mimi niliyempakata mtoto huyo siku ya pili ya maisha yake, niliyemfundisha kupanda baiskeli katika njia ile ya mchanga iendayo stesheni, nikatia sahihi yangu chini ya maneno hayo, nikaipeleka barua asubuhi ikagongwa mhuri, na picha yake ikatumwa kwa simu mpaka Brussels. Mpwa wangu ana pasipoti ya Ubelgiji, na kwa hukumu ya sheria zetu yeye si Mkongomani tena.

Viza ilichelewa. Mama yake tulimzika siku ya tatu, kwa kuwa maiti haingojei mhuri, naye akafika siku ya kumi na moja, akiwa na ruhusa ya kukaa siku thelathini na makatazo ya kufanya kazi yoyote. Alipoingia uani wazee wakamwita kwa jina la babu yake. Akapiga magoti mbele ya wajomba na mama wakubwa kama alivyofunzwa utotoni, na Kiluba chake, ijapokuwa miaka mingi ya ugenini imekikwaza hapa na pale, kikawatoa machozi hata wale waliokuwa wamekwisha kunyamaza.

Lakini siyo habari za msiba ninazotaka kuwaeleza wasomaji. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusagia mahindi iliyokaa kimya miezi minane, na kwa muda wote huo wanawake wa mtaa walikuwa wakijitwika mahindi yao kwenda kusagisha mbali, jua likiwa utosini, ili watoto wapate unga wa bukari. Mpwa wangu ni fundi wa injini za dizeli. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea huko ng'ambo na inayomlisha yeye na wanawe. Juma la kwanza lilipopita akavua koti la msiba, akaifungua pampu ya ile mashine, akazitoa nozeli moja moja, akaziosha katika beseni lililotiwa dizeli, akazipuliza na kuziinua juu azitazame tundu zake dhidi ya mwanga wa jua. Na vijana wanne wa mtaa, waliokuja kutazama tu kama vijana watazamavyo kila kitu, mara wakawa wameshika spana. Siku ya tatu mashine ikaunguruma. Siku ya nne wale vijana wakaja na madaftari. Tangu hapo ikawa ni darasa, kila asubuhi chini ya mwembe mpaka jua lilipokuwa kali, akiwaonyesha namna ya kuisikiliza injini kwa sikio kabla ya kuigusa kwa mkono, namna ya kujua maana ya moshi mweupe na maana ya moshi mweusi, na kwa nini fundi asiyechuja mafuta yake huwa ameiua mashine kabla hajaiwasha. Wala hakudai ujira, wala hakuna aliyekuwa na ujira wa kumpa.

Habari hizo zikafika mahali pake. Afisa mmoja, mtu mwenye adabu ambaye simlaumu, kwa kuwa alikuwa akiifuata sheria kama ilivyoandikwa, akatujia nyumbani akatueleza kwamba kufundisha nako ni kazi, na kwamba mwenye viza ya ziara hana idhini ya kufanya kazi hata kama halipwi. "Mzee," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona haya kwa niaba ya mwingine, "mimi najua ni mtoto wenu, lakini sheria haina mjomba." Tukaomba aongezewe miezi miwili tu, vijana wale wamalize, lakini hatukufanikiwa. Treni ya kumpeleka Lubumbashi, iliyotazamiwa Jumanne, ilifika Ijumaa, na siku zake zikaisha akiwa njiani, hata akatozwa faini kwa kukaa bila ruhusa katika nchi aliyozaliwa. Aliponiaga dirishani mwa behewa alisema neno moja la Kiluba, "Wafwako", yaani ahsante, nami sikujua ni ahsante ya nini.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili kwa kina, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafikia: kwamba dola yetu, pasipo kungojea ugomvi mkubwa wa uraia pacha upate ufumbuzi, yaweza na yapasa kuwapa watu wa asili ya Kongo wenye pasipoti za kigeni kibali cha kudumu cha kuingia, kukaa na kufanya kazi katika nchi ya wazazi wao.

Tuitazame kwanza sheria, maana wengi huizungumza bila kuisoma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 10, yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, wala mtu hawezi kuwa nao pamoja na uraia mwingine wowote. Na kabla ya Katiba hiyo, sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 ilikwisha kuamua kwamba Mkongomani apataye uraia wa kigeni huupoteza wake kwa nguvu ya sheria yenyewe. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo humwachia njia ya kuurudia uraia alioupoteza, lakini kwa sharti la kuuacha ule mwingine. Na mtu mwenye watoto shuleni, mwenye nyumba isiyokwisha kulipwa na akiba ya uzeeni katika nchi ya watu, kumwambia auache uraia wa nchi hiyo ni sawa na kumwambia aje mikono mitupu, yeye na wanawe.

Lakini tazama tena ibara ile ile ya 10, kwani ina maneno ambayo watu huyapita haraka: yasema kwamba Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndiyo iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Yaani sheria yetu, tofauti na sheria za mataifa mengi, huijua asili, huitaja kwa jina lake, na kuifanya kuwa msingi. Uraia wa mpwa wangu umeondoka, nami nalikiri hilo, kwa sababu sheria imesema. Walakini asili yake haikuondoka, maana hakuna sheria iwezayo kumfanya mtoto wa tumbo la dada yangu asiwe Mluba wa Kamina. Basi kati ya raia na mgeni yuko mtu wa tatu, ambaye Katiba imekwisha kumtambua nusu nzima na kumsahau nusu nzima, na mtu huyo leo, akitaka kufika kaburini kwa mama yake, hupanga foleni moja na mtalii anayekuja kuwatazama sokwe.

Na linaloongeza uchungu ni kwamba wenye nguvu wao wamesamehewa zamani. Mwezi wa Februari mwaka 2007 Bunge la Taifa lilipotambua kwamba miongoni mwa wabunge wenyewe wamo wenye uraia wa nchi nyingine, halikuwatoa nje. Lilitangaza muhula wa subira ili wayatengeneze mambo yao, na subira hiyo ikageuka usahaulifu. Kisha mwaka 2018, uchaguzi ulipokaribia, tukaona jambo lile lile likitolewa alani kama upanga, mwanasiasa Moïse Katumbi akizuiwa mpakani Kasumbalesa mwezi wa Agosti huku uraia wake ukibishaniwa na kila mtu mwenye kinywa. Sisemi nani alikuwa na haki katika mambo hayo. Nasema tu kwamba sheria inayolala wakati wa raha na kuamka wakati wa siasa haimsumbui mwenye ndege na mawakili, bali humsumbua fundi wa nozeli.

Sisi watu wa Kamina tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mji wetu ni mwana wa reli. Mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama ilipokamilika mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,100, na tena mwaka 1956 njia ya Kabalo ilipotuunganisha na upande wa Ziwa Tanganyika, hapa pakawa ni njia panda, na watu wakaja kutoka kila upande: Waluba wa Lomami na Waluba wa Kasai, Wasonge, Wakanyoka, makarani, madereva wa garimoshi, wachoma mkaa, wauza samaki wa Upemba. Baada ya vita vikuu vya pili Wabelgiji wakajenga karibu nasi ile kambi kubwa ya kijeshi, na mwaka 1960 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia humo. Kila nyumba ya zamani hapa, ukiuliza, babu yake alishuka kutoka treni fulani.

Nami katika stesheni hiyo hiyo, mwaka 1992 na mwaka 1993, nikiwa mwalimu kijana, niliona kwa macho yangu asili ikifanywa kuwa silaha. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, mamia ya maelfu, na treni zilizowabeba kuwapeleka Mwene-Ditu na mbele yake zilisimama hapa siku na siku, mabehewa ya mizigo yamejaa magodoro, mashine za kushonea, wazee waliolala juu ya chuma. Nilimpelekea maji mama mmoja mwenye binti wa miaka kama saba, na yule binti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Likasi kitupu, akaniuliza, "Baba mwalimu, kwetu ni mbali?" Alikuwa akiuliza habari za nchi asiyopata kuiona, ambako watu walimwambia ndiko kwao. Sikuwa na jibu, nikamjazia kikombe tena. Tangu siku ile silitamki neno asili kwa wepesi, na msomaji asidhani kwamba naliimba. Lakini nauliza: ikiwa nchi hii iliweza kumwambia mtoto wa Likasi, aliyezaliwa hapa na babaye akazaliwa hapa, kwamba asili yake yatosha kumtoa, yawezekanaje iwe haitoshi kumwingiza mtoto wa Kamina aliyezaliwa Kamina?

Katika kulitafuta jambo hili nimesoma habari za taifa la mbali ambalo limelipitia kabla yetu, nalo ni Korea. Wakorea walitawanyika kwa njaa na kwa ukoloni wa Wajapani. Wengine wakavuka mto wakakaa Uchina, katika nchi ya Yanbian, na wengine wakaingia upande wa mashariki wa Urusi, ambako mwaka 1937 Stalin aliwapakia katika treni, watu kiasi cha 170,000, akawatupa Kazakhstan na Uzbekistan, maelfu ya kilomita kutoka makwao. Wengine, baada ya vita, walikwenda Marekani na kufanikiwa. Mwaka 1999 Korea ya Kusini ikatunga sheria ya Wakorea wa ng'ambo, ikawapa wenye asili ya Korea haki ya kuingia, kukaa na kuendesha shughuli zao karibu sawa na wenyeji. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa namna ambayo waliotoka nchini kabla ya dola kuundwa mwaka 1948, yaani Wakorea wa Uchina na wa Urusi, wakawa nje yake. Ikawa mlango umefunguliwa kwa tajiri wa Marekani, na maskini wa Uzbekistan, mjukuu wa wale waliopakiwa katika treni, akaachwa kizingitini.

Maskini hao hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaamua kwamba kuwatenga hao ni kinyume cha usawa. Sheria ikarekebishwa mwaka 2004, na mwaka 2007 ikaanzishwa viza maalumu ya kazi, iitwayo H-2, iliyowaruhusu Wakorea wa Uchina na wa nchi zilizokuwa za Kisovieti kuja kufanya kazi za viwandani, za ujenzi, za mashambani na za kuwatunza wazee. Mwaka 2019 wakaingizwa hata vitukuu, kizazi cha nne na baada yake. Mambo hayakuwa matamu yote: viza ile bora zaidi, F-4, iliwakataza wenye nayo kufanya kazi za sulubu, kana kwamba ndugu wa heshima hashiki jembe, na Mkorea wa Uchina mpaka leo husikia matusi mitaani kwa lafudhi yake. Lakini dola ilikubali jambo moja kubwa, ambalo sisi hatujalikubali: kwamba mtu aweza kuwa na pasipoti ya taifa jingine na bado akawa na dai juu ya nchi ya babu zake, na kwamba dai hilo huandikwa katika sheria, halitegemei huruma ya afisa.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Korea. Ethiopia, ambayo wazee waliiita Uhabeshi, nayo haikubali uraia pacha, na mwaka 2002 ilitoa tangazo namba 270 linalowapa wageni wenye asili ya Ethiopia kitambulisho, ambacho watu wao hukiita kadi ya manjano. Mwenye nacho haombi viza ya kuingia wala kibali cha kazi, ila hapigi kura, hagombei cheo, wala haajiriwi katika jeshi, usalama na mambo ya nchi za nje. Hapo mambo yote mawili yamehifadhiwa, heshima ya uraia na haki ya damu, na dola ya Ethiopia haikuanguka kwa sababu ya kadi hiyo. Tanzania, iliyo jirani yetu ng'ambo ya ziwa na isiyokubali uraia pacha, imechagua njia ya hadhi maalumu kwa watu wa asili yake. Kenya ilimaliza ubishi kwa Katiba yake ya mwaka 2010, Uganda kwa sheria ya mwaka 2009, na Zambia kwa mabadiliko ya mwaka 2016, wote hao wakiruhusu uraia pacha waziwazi. Na sisi, tulioingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tumekwisha kukubaliana na Kenya mwaka 2023 kuondoleana viza, jambo jema ambalo nalisifu; lakini maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa Nairobi asiye na jamaa hata mmoja katika mkoa wetu wa Haut-Lomami huingia kwa pasipoti yake tu, ilhali mpwa wangu alihitaji barua yangu.

Najua lile litakalosemwa kunijibu, na sitalikwepa. Litasemwa kwamba nchi yetu ina vita mashariki, kwamba suala la nani ni Mkongomani limekwisha kumwaga damu nyingi, na kwamba kufungua mlango wowote wa asili ni kuwafungulia maadui. Hofu hiyo haikuzuka bure. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu waliotoka Rwanda na Burundi wakakaa Kivu kabla ya mwaka 1950, na sheria ya mwaka 1981 ikawavua. Na watu waliolala usiku wakiwa raia wakaamka wageni, na chuki iliyopandwa hapo ikaja kuvunwa kwa bunduki mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Mimi nimewapoteza watu katika vita hivyo kama familia nyingine zote, wala simfundishi mtu wa Goma au Bukavu namna ya kuogopa. Lakini nasema kwa insafu kwamba yaliyotuangamiza hapo ni uraia uliokuwa ukitolewa na kunyang'anywa kwa matakwa ya siasa, jumla jumla, kabila kwa kabila; na dawa yake ni kibali kitolewacho kwa mtu mmoja mmoja, kwa ushahidi wake yeye, kisichompa kura, kisichompa kiti cha ubunge, kisichompa cheo cha jeshi. Mwenye kutaka kutupindua hatapanga foleni kuandikisha jina la mama yake na alama za vidole vyake vyote kumi.

Litakalokuwa gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ushahidi wenyewe, na hapa ndipo ningewaomba watunga sheria watie akili zao zote. Hesabu ya mwisho kamili ya watu katika nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Daftari za vizazi katika wilaya nyingi zimeliwa na mchwa, au zimeungua, au hazikuandikwa kabisa. Lakini nani asemaye kwamba ushahidi ni karatasi ya serikali peke yake? Misheni zina vitabu vya ubatizo ambavyo mapadri wa zamani waliviandika kwa khati nzuri, jina la mtoto, la baba, la mama na la kijiji. Wafanyakazi wa reli walikuwa na vitabu vya kazi, na familia nyingi hapa bado zimevifunga katika vitambaa ndani ya masanduku. Cha shemeji yangu nimekiona, kina picha yake akiwa kijana wa miaka ishirini na majina ya watoto wote sita yameandikwa kwa wino wa buluu, na la tatu ni la mpwa wangu. Wako machifu na wazee wa ukoo, ambao ushahidi wao waweza kuchukuliwa kwa kiapo mbele ya hakimu, mashahidi watatu au wanne, na adhabu kali kwa atakayeuza ushahidi wake.

Na hapa narudi kwa Wakorea, kwa sababu kosa lao la mwaka 1999 ndilo ninaloliogopa kwetu zaidi ya mengine yote. Mtu akitaja Wakongomani wa nje, wakubwa wa Kinshasa huona Brussels, Paris na London, huona watu wenye suti na yuro. Na nikimtazama mpwa wangu, mimi mwenyewe ningeweza kuingia katika kosa hilo. Lakini watu wa Haut-Lomami walio nje, wengi wao hawako Ulaya. Wako Kitwe, Ndola na Mufulira nchini Zambia, wajukuu wa wale waliovuka kwenda kuchimba shaba ya Waingereza kabla hatujazaliwa. Wako Angola, wana na wajukuu wa jandarme wa Katanga waliovuka mpaka baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika mwaka 1963, wakarudi na bunduki mwaka 1977 na mwaka 1978, na ambao wengi wao walikufa huko wakiota Kolwezi. Wako waliozaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Meheba, huko huko Zambia, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na wako wanaokua leo katika makazi ya Mantapala karibu na Ziwa Mweru, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya waliokimbia Tanganyika na Haut-Katanga. Miongoni mwa hao kutakuwa na watakaochukua uraia wa nchi iliyowalea, kwa sababu shule ya mtoto haimngojei mzazi. Na siku ile ile watakapochukua, Kongo itawafuta.

Basi kibali kikiwekewa ada ambayo ni tajiri wa Brussels tu awezaye kuilipa, au kikipatikana Kinshasa peke yake, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapa, ilhali mtu wa Kitwe angeweza kukipata Lubumbashi au Kasumbalesa, au kikiwakataza wenye nacho kulima, kufundisha, kuuguza na kutengeneza mashine, hapo tutakuwa tumewafungulia mlango wale wasio na shida nao. Ada na iwe ile ambayo muuza samaki aweza kuilipa. Muda na uwe wa miaka kumi, si siku thelathini. Na kazi zote za halali na ziwe halali kwake, isipokuwa zile za ulinzi na za utawala wa nchi. Kwa maana tunaolia usiku na mchana kwamba hatuna mafundi, hatuna madaktari, hatuna walimu wa hesabu katika Malemba-Nkulu na Kabongo, tutasema nini mbele ya watoto wetu tukiulizwa kwa nini tuliwafukuza waliokuja?

Nilipita juzi chini ya mwembe ule. Vijana wawili kati ya wale wanne wameendelea, wanatengeneza baiskeli na jenereta ndogo, na wanaijua pampu mpaka pale alipowafikisha mwalimu wao. Ukurasa wa mwisho wa daftari la mmoja wao una mchoro wa gavana ya injini, umechorwa nusu. Mashine ya jirani yetu ilisimama tena mwezi uliopita, na wanawake wamerudi kujitwika mahindi.

Kikao cha kawaida cha Bunge la Taifa hufunguliwa tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Nawaomba wabunge wote waliotumwa na Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, kwa heshima na kwa msisitizo wa mzee aliyeandika barua ya kumkaribisha mtoto wa dada yake kwenye kaburi la mama yake, waupeleke muswada wa kibali cha asili katika kikao kijacho, na waanze sasa kuwauliza wapiga kura wao ni nani waliye naye ng'ambo.